Mche Uliotoka Jasho

Ijumaa jioni Fundi hakuvua hata viatu. Aliingia sebuleni na mkoba begani, akasimama katikati ya chumba, akatangaza kama mtu aliyetumwa na serikali: "Umetoa mizizi!"

Mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima na mtaa mzima humwita Bibi, aliacha kuchambua mboga. "Nani katoa mizizi?"

"Mche, mama. Ule mche wangu wa kwenye chupa."

"Hongera, mwanangu," Bibi akasema, kwa sauti ya mtu anayepongeza jambo asilolielewa. "Maana umeuhangaikia huo kuliko ulivyohangaikia mimba."

Mume wa Fundi alikuwa mlangoni akipiga brashi viatu vyake vya kazi. Watu walimwita Bwana Viazi. Jina hilo alipewa sokoni enzi za magunia yake kugombewa kabla hayajashushwa chini, na siku hizi waliolitumia walikuwa wa aina mbili, wanaomhurumia na wanaomdhihaki, naye aliwaitikia wote kwa sauti ile ile. Shamba lake la urithi lilikuwa limepatwa na mnyauko. Viazi huota vizuri, mtu akafurahi, kisha mchana kweupe mashina yanalegea, na ukichimba unakuta uozo unaonuka. Ugonjwa umo kwenye udongo wenyewe. Afisa kilimo alimwambia apande mahindi. Aliyapanda, na akayachukia. Mwisho mkewe akamwombea kazi ya usafi kwenye kituo cha utafiti anakofanya kazi yeye. Basi mwanamume aliyekuwa akiajiri vibarua akawa anapiga deki mbele ya mlango wa mkewe, na akitaka kupita anabisha na kusema, "Fundi, samahani, naomba nipite na ndoo."

Wakati wa kula Bibi alitaka aelezwe upya. Kila mara alielezwa, na kila mara alitaka upya.

"Kiazi chetu ni kitamu, mama, lakini mnyauko unakiua," Fundi akasema. "Kiazi mwitu ni kichungu, hakiliki, ila mnyauko haukiwezi. Ukitaka vizaliane kwa maua yao, havipatani. Sasa sisi tunachukua jani la hiki na jani la kile, tunayatia kwenye dawa inayoyeyusha kuta za seli. Seli ni vile vichembe vidogo kabisa, huvioni kwa macho. Zikishabaki uchi, tunaziweka pamoja, tunazipiga umeme kidogo, zinashikana, zinakuwa kitu kimoja."

"Uchi! Na umeme juu yake!" Bibi akapiga makofi. "Mwanangu, hapo hata mimi ningemshika yeyote aliye karibu." Akacheka mwenyewe mpaka akakohoa. Fundi alikuwa na haraka ya kueleza, na mumewe alikuwa anatazama sahani yake.

"Nyingi zinakufa. Zinazobaki zinakuwa kidonge tu, kinanenepa bila shina wala jani. Huu ndio pekee uliosimama ukawa mche. Jumatatu nitaukata vipande, kila kipande chupa yake, na kila kimoja kitaota kiwe mche mzima. Ukishafika hapo hauwezi kupotea tena. Wafadhili wakiuona, mradi unaendelea. Usipokuwepo, wanafunga, na binti yetu itabidi tumtoe shule ya bweni."

Bwana Viazi aliinua macho. "Utauweza udongo wetu?"

"Ndilo tunalotaka kujua."

"Mtajua lini?"

"Ukishaongezeka tutaupima kwenye nyumba ya vioo. Halafu mashamba ya majaribio. Halafu tuuzalishe tena na tena na kiazi chetu mpaka uchungu uishe. Ni miaka, mume wangu."

"Mingapi?"

"Mingi."

"Na mimi nina umri gani?" akauliza, kwa upole tu, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Bibi alimwongezea mboga.

*

Jumamosi kituo huwa kimya. Bwana Viazi alikuwa ameshamaliza korido alipoitwa na mtafiti mwenzake Fundi, mmoja ambaye wote walimwita Miwani, aliyekuwa zamu siku hiyo.

"Mzee, kiyoyozi cha chumba cha chupa kinavuja, sakafu imekuwa bwawa. Ingia ukaushe. Mimi nawahi harusi ya binamu yangu, simu haiachi kuita. Ukimaliza funga, ufunguo mwachie mlinzi."

"Mimi huwa siruhusiwi humo."

"Nimekuruhusu mimi. Vaa zile plastiki za viatu. Na usiguse kitu, mzee wangu."

Hebu niambieni, ni nani aliyeambiwa asiguse kitu akabaki ametulia? Hata hivyo Bwana Viazi alianza na kazi aliyotumwa. Aliyakausha maji mpaka pembeni kabisa, akakamua tambara, akafuta tena. Ndipo akainua kichwa. Rafu zilikuwa zimepangwa hadi dari, taa nyeupe juu ya kila rafu, na chupa zimejipanga zikiwa na vidonge vyake vya kijani visivyo na umbo. Mche wa mkewe hakuhitaji kuutafuta. Ulikuwa umewekwa peke yake, chupa imefungwa utepe mwekundu.

Alichuchumaa. Mche wenyewe ulikuwa mdogo kama kidole, kijani chake kimepauka. Mfuniko ulizungushiwa plastiki, hata upepo wa kupeperusha unywele haungepenya. Kuta za chupa kwa ndani zilijaa matone ya maji. Kichwa cha mche kilikuwa kimefika juu, kimegonga mfuniko, kimepinda. Chini, mizizi myeupe ilikuwa imetumbukia kwenye kitu kama jeli, haina hata chembe ya udongo ya kushika.

"Masikini ya Mungu," akasema kwa sauti. "Unatoka jasho."

Nisimpambe mtu. Huruma ilikuwepo, lakini haikuwa peke yake. Neno la mkewe, lile "mingi," lilikuwa bado limemkaa kifuani. Akajiuliza: mche uliotengenezwa kwa ajili ya mnyauko, kwa nini usiende kuonana na mnyauko wenyewe? Kwani nani anaujua mnyauko kuliko lile shamba lake? Mkulima yeyote angewaza hivyo. Kwa mkulima, mche wenye mizizi ni mche uliokwisha kuiva kwa kupandwa, na kuuacha ndani ni kuutesa. Aliitia chupa kwenye ndoo, akaifunika kwa tambara, akafunga mlango, akampa mlinzi ufunguo na kumuuliza habari za nyumbani.

Shambani alichagua sehemu iliyokuwa ikizaa kuliko zote, akang'oa mahindi mawili kuupisha mche. Aliupasua mfuniko, akautoa mche kwa vidole viwili, akaiosha jeli kwenye mizizi taratibu, kama anayemnawisha mtoto mchanga. Aliupanda. Aliushindilia udongo kwa dole gumba, akaumwagilia, akauwekea jani la mhindi kando upate kivuli kidogo.

"Haya, simama," akauambia. "Usiniaibishe."

Alikaa pale muda mrefu, hana haraka na lolote. Alikuwa na furaha, na ninalisisitiza hilo kwa sababu furaha ya namna ile hakuipata tena. Jioni hakumwambia mkewe. Alitaka kumshangaza.

*

"Vaa viatu vya shamba, twende nikuonyeshe kitu," akamwambia Jumapili baada ya chai.

"Unajua siendi kule. Nikikanyaga ule udongo nikaingia nao kazini, nimewapelekea ugonjwa chumbani."

"Utasimama pembeni tu. Nakuomba."

Alikwenda kwa sababu mumewe alikuwa amevaa shati lake zuri, na usoni alikuwa na kitu ambacho Fundi alidhani kimeshakwisha. Njiani Bwana Viazi alikuwa akitangulia, anasimama, anamngoja, anatangulia tena. Fundi alifikiri labda amepata mtu wa kulikodi shamba.

Kitu cha kwanza alichokiona ni utepe mwekundu. Chupa ilikuwa imelazwa kwenye tuta, tupu, imeoshwa.

"Hiyo chupa umeitoa wapi?"

Mumewe naye alikuwa amefika na kuona. Mche ulikuwa umelala chini. Majani yalikuwa yamejikunja, yamekauka kama karatasi iliyopitiwa na moto, na shina limekuwa jeusi, jembamba kama uzi.

"Umelala tu," akasema. "Jua la jana lilikuwa kali. Mche ukihamishwa hulala, halafu unajiinua wenyewe. Subiri jioni, utaona."

Fundi aliingia shambani. Aliingia moja kwa moja, akapiga magoti kwenye udongo aliokuwa akiukwepa tangu aajiriwe, akaugusa mche kwa ncha ya kidole. Jani lilikatika.

"Mche wa chupa hauna ngozi!" akapiga kelele. "Haujawahi kuona jua! Haujawahi kuona upepo! Haujui kuzuia maji yake! Hutolewa kidogo kidogo, umefunikwa, wiki baada ya wiki, mpaka uzoee! Umefanya nini wewe? Umefanya nini?"

"Ulikuwa unatoka jasho."

"Ndivyo unavyoishi! Lile jasho ndilo uhai wake!"

Bwana Viazi alisimama na mikono yake mikubwa ikining'inia. Akatafuta neno, akapata baya kuliko yote. "Labda ni mnyauko. Labda hata huu haukuuweza."

"Haukufika kwenye mnyauko. Umekufa kwa jua kabla." Fundi alikuwa analia sasa, makamasi yanamtoka, na hajali. "Hatujui kama ungeuweza. Hatutajua. Pengine ungeuweza!"

Hapo ndipo Bwana Viazi alipoelewa. Mpaka dakika ile alidhani ameharibu kitu cha mkewe. Sasa aliona kwamba pengine kile alichokuwa akikisubiri maisha yake yote ya kupiga deki, kiazi cha kusimama kwenye udongo wa baba yake, kilikuwa kimesimama kweli kwenye ile chupa, na yeye ndiye aliyekitoa mle na kukiua kwa mikono yake. Alikaa chini kwenye tuta. Machozi yalimtoka bila sauti. Akanyoosha mkono kumshika mkewe bega, akaona una udongo, akaufuta kwenye shati lake zuri, kisha asimshike.

*

Bibi aliposimuliwa alijifunga kanga upya kiunoni, ishara kwamba ameingia vitani.

"Semeni ni yule mwenye miwani. Si ndiye aliyetoa ufunguo? Si ndiye aliyekimbilia harusi? Mche umepotea zamu yake, basi. Mtu akiachiwa chumba kama kile peke yake, alitegemea nini?"

"Mama, sijawahi kuiba nikamsingizia mwingine."

"Hujawahi kuiba kabisa, wewe."

"Jana niliiba."

Bibi aliilegeza kanga. Mwanawe hakuwa na tabia ya kujisema vibaya, na neno lile lilimwuma kana kwamba ametukanwa yeye.

"Kesho nitasema mwenyewe," Bwana Viazi akaendelea, sasa akimtazama mkewe. "Nitasema wewe hukujua, na ni kweli, siku ile hukujua. Wewe usifungue mdomo. Mmoja wetu lazima abaki na kazi."

Fundi alikubali. Alikubali upesi mno, akajisikia mwepesi, halafu akajionea haya kwa ule wepesi. Alitaka kumwambia mumewe asante, lakini asante ya jambo kama lile inatamkwaje? Aliinuka akaenda kusugua udongo kwenye viatu vyake.

*

Jumatatu Daktari, mwanamke aliyekuwa mkuu wa mradi, aliwaita wote kwenye chumba cha mikutano. Wenye makoti meupe walikaa. Bwana Viazi alibaki wima karibu na mlango na overoli lake la bluu, kofia mkononi. Hakuna aliyemzuia kukaa, ila viti vilikuwa vimejaa na hakuna aliyeinuka. Fundi alikuwa amekaa katikati ya wenzake, kalamu mkononi, anaitazama hiyo kalamu.

"Chupa ya utepe mwekundu haipo," Daktari akasema. "Nataka kujua, na nataka kujua sasa hivi."

Miwani alikuwa amekwisha badilika rangi. Kabla hajasema neno, sauti ilitoka mlangoni.

"Ni mimi, Daktari. Niliuchukua mche Jumamosi, nikaupanda shambani kwangu. Umekufa. Mke wangu hakujua. Na huyu kijana hana kosa, nilitumwa kukausha maji tu."

Daktari alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake imeuzwa. "Umeupanda?"

"Ndiyo."

"Shambani? Ule mche? Kwa nini?"

Bwana Viazi alijua kwamba sababu aliyonayo ni ndogo. Aliigeuzageuza kofia, akatafuta maneno makubwa zaidi yanayofaa chumba kile, akayakosa, akasema yaliyokuwepo.

"Ulikuwa unatoka jasho, Daktari. Nikaona haupumui."

Kisha Miwani alicheka. Alikuwa ameponea chupuchupu, na kicheko kikamtoroka puani. Aliyekaa kando yake akamfuata, akajificha nyuma ya kiganja. Kikasambaa. Haukuwa uovu, niseme haki. Walikuwa watu waliopoteza kazi ya miaka asubuhi ile, na mtu mzima mwenye kofia mkononi alikuwa amewaambia kwamba mche ulihitaji hewa.

Na Fundi akacheka.

Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, meno nje, kama walivyocheka wenzake, tena akachelewa kunyamaza kuliko wao. Aliponyamaza aliona wote wanamtazama, akaona inabidi aseme kitu, akasema, "Mkulima ni mkulima tu, jamani. Utamfanyaje?"

Daktari peke yake hakucheka. "Nenda nyumbani, mzee wangu," akasema taratibu. "Siwezi kukuweka tena. Kazi yako imeishia hapa." Kisha akamgeukia Miwani kwa macho mengine kabisa.

Bwana Viazi alisema asante, sijui ya nini. Alikitafuta kitasa cha mlango upande usio wake kabla ya kukipata.

*

Fundi aliomba ruhusa akatoka mapema. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Kazi yake ilikuwa bado ipo kwa wakati huo, Daktari alimhakikishia. Watawaomba wafadhili waongezewe muda, wataanza tena na majani mapya. Alitaka kuanza na hilo, habari njema kwanza. Alipofika alimkuta mumewe uani kwenye karai, anafua overoli.

"Nimefua ili ulirudishe kesho likiwa safi," akasema. "Ni mali yao."

"Nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Unajua kwa lipi."

Alikamua mkono mmoja wa overoli, akakamua wa pili. Hakuwa amekasirika. Fundi alikuwa amejiandaa kwa hasira. Alikuwa na majibu ya hasira, mengine ya haki kabisa, maana ni nani aliyeleta msiba huu kama si yeye? Majibu yote yakakosa pa kwenda.

"Nyumba hii hatujakusikia ukicheka siku nyingi," Bwana Viazi akasema. "Nilidhani ni mimi. Nilidhani shida zangu zimekumaliza kicheko. Leo nimesimama pale mlangoni nikakisikia, nikakitambua hata kabla sijakuangalia. Kumbe kipo."

"Usiseme hivyo. Tafadhali."

"Sikulaumu. Kesho naenda kwa mzee mmoja ng'ambo ya mto, anatafuta mtu wa kulima. Nitalala huko huko mpaka mavuno, si karibu." Alilitandaza overoli kambani, akalinyoosha mikunjo kwa kiganja. Akabaki amempa mgongo. "Nataka kukuuliza jambo moja tu, na ukinijibu sitauliza tena. Ulicheka kwa woga, au nilikuchekesha?"

Fundi alilijua jibu. Woga ulikuwepo, lakini ulikuja baadaye. Pale mwanzo, kwa kitambo kile kifupi, alimwona mumewe kama walivyomwona wenzake: mtu na kofia yake, na mche unaotoka jasho. Na ilimchekesha. Ilimchekesha kweli.

"Kwa woga," akasema.

Bwana Viazi aligeuka, akamtazama usoni kwa muda. Walikuwa wameishi pamoja miaka ya kutosha.

"Sawa," akasema. "Mama amekufunikia chakula jikoni. Kale kabla hakijapoa."